Shangazi Hajafa, Nimebonyeza Tu

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Miaka miwili ninaandika historia ya ukoo, leo ndiyo nimepata jambo. Shangazi, aliyenilea tangu mama alipofariki, amenipa siri tukimenya viazi jikoni kwake. Baba Mdogo, fundi cherehani, si mdogo wake. Ni mwanawe! Alimzaa akiwa na miaka kumi na saba, bibi akamlea kama wake. Mwenyewe hajui. Nikitoa neno nje, kasema, nisikanyage tena kwake. Nimeapa.

Lakini jamani! Mtu huyo nimemzidi miaka minne. Tangu utotoni ninampa shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa madaha, akinikagua kola. Kumbe binamu! Binamu wa kutaniwa! Hii si chuki. Ni historia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika wasifu wa Shangazi, siri na yote, lakini ukurasa wa ukoo mtandaoni umegoma. Habari za walio hai unazificha. Msomaji anaona "Ndugu aliye hai", basi. Ati faragha! Nimewaandikia wenye ukurasa barua kali, kurasa tatu. Wamejibu mstari mmoja: maisha ya aliye hai ni yake, kaombe ruhusa. Mimi? Ruhusa?

Alasiri nimegundua kijisanduku: Hai au Marehemu. Nimebonyeza Marehemu. Wasifu wote wa Shangazi umefunguka, siri ikiwa mstari wa mwisho. Nitamfufua Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Kumbe ukurasa hutuma tanzia kwa ukoo mzima! Wifi yake amepiga simu kuwapa pole wafiwa. Shangazi akapokea, "Ni mimi mwenyewe," wifi akatupa simu kwenye sinki. Wengine wamefika na viti vya kukodi, wakamkuta anaanika nguo. Mmoja kamlaumu: ametoka mbali, angalau angearifiwa mapema kwamba yu mzima.

Wote wamesoma wasifu mpaka mwisho. Fundi pia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kibandani kwa fundi. Cherehani imefunikwa. Nimemwambia, mambo vipi, binamu! Nimeingoja salamu hiyo miaka arobaini. Haikuwa na ladha. Hakunitukana hata kidogo. Ameniuliza tu, taratibu: siku zote alipokuwa akimwita dada, yule mama alikuwa anaitikiaje?

Nimekwenda kwa Shangazi. Mlango umekomewa. Amesema kupitia dirisha kwamba miaka arobaini na sita alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mwanawe, nami nimemmalizia kwa kidole kimoja. Pazia likashuka. Nimesimama pale mpaka jirani akaniuliza kama nimepotea.

Jumapili, 9 Machi
Sijatia kitu mdomoni. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akiniita mwanangu.

Nakiri. Nimekosa. Nimemfufua Shangazi ukurasani, siri imefichika tena. Lakini haitoshi! Nilikosa hadharani, nitatubu hadharani. Nimeandika barua ya kuomba radhi, kurasa sita, kwa unyenyekevu mkubwa. Nimeeleza jambo lote tangu mwanzo, na tarehe, na zahanati aliyojifungulia, ili asiyejua apime ukubwa wa kosa langu. Nimeipeleka gazetini. Mhariri amefurahi mno: inatoka Jumatano, ukurasa wa mbele. Ameomba picha ya Shangazi.

Nimempa mbili.