Sofa la Watu wa Kompyuta

"Wasee, sikieni maajabu!" Nahashon, dereva wa lori ambaye mtaa mzima wa Umoja ulimwita Giabox, alilipiga gazeti kwa kiganja. Ilikuwa Jumamosi moja ya 1984, kwenye benchi la kahawa kijiweni. "Ati makampuni yanalia. Watu wa kuandika programu za kompyuta wanahama ovyo. Mtaalamu anasema wafurahishwe kazini!"

"Wafurahishwe?" Faki muuza kahawa, aliyeitwa Tangawizi, nusura amwage birika. "Mtu hashiki jembe, hashiki usukani, bado anataka kubembelezwa?"

Macho yakamgeukia Munyoki, aliyeitwa Kompyuta kwa sababu kuandika programu ndiyo kazi aliyofanya katika kampuni moja ya bima mjini. Munyoki akajificha nyuma ya kikombe. Alikuwa na jambo la kuwaambia.

"Kwetu mtaalamu alishakuja," akasema. "Akaleta sofa, redio kaseti na maua ya plastiki."

"Maua!" Giabox akashika mbavu. "Manze, lori langu halina hata honi, wewe unawekewa maua!"

"Buda, sikuomba maua. Niliomba niongee na makarani kabla sijaandika programu yao. Mkubwa akasema, 'Wewe andika tu.' Nikaandika miezi. Makarani wakaijaribu asubuhi moja, wakarudi kwa kalamu zao. Karatasi zangu wakafungia mandazi."

"Si ungewaendea kinyemela?"

"Niliwaendea, Tangawizi. Nikakaa na Waridi, karani wa malipo ya ajali, akanionyesha anavyofanya kazi. Nikairekebisha programu. Ilipokubali, yule mama aliruka akanipa mkono mbele ya watu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi."

"Mkubwa akakupandisha cheo!" Giabox akadakia.

"Akanifokea. Ati nazurura. Niende nikakae kwenye sofa, nifurahi kama wenzangu."

Giabox akatema mate. "Bure kabisa! Mpuuzi na tai yake! Mimi ningemtupia kazi yake usoni!"

"Wallahi, ningeondoka palepale," Tangawizi akapiga paja. "Mwanamume hachezewi!"

Munyoki akahisi kifua kikifunguka. "Basi ndivyo nilivyofanya jana. Nimeacha kazi."



"Umeacha… kabisa?" Giabox akakunja gazeti polepole. "Na mkeo Ndindi anajua?"

"Bado. Nilitaka mnisindikize, mnisaidie kumweleza."

"Sisi?"

Papo hapo Ndindi akatokea kona ya duka, mkono kiunoni. Giabox akakumbuka kuwa lori halijaoshwa, akatokomea. Tangawizi akakusanya vikombe, akanyakua birika lingali linafuka moshi, kisha akamwomba Munyoki ainuke kidogo. Alitaka kubeba benchi lake.