Nzi Wangu na Mwanzi wa Mzee Ishaq

Jumamosi, 7 Machi 1998

Jana mama mkwe kakata shauri. Baada ya pilau, mbele ya watu wote, Bi Hamdiya katamka kuwa kachoka kutusikia mimi na mwanawe Yaqdhan tukiugombania mwanzi wa kuvulia wa marehemu mumewe. Ijumaa tunakwenda mandari wadini, bondeni kwenye mto, njia ya Quriyat. Atakayetangulia kupata samaki kwa nzi aliyemfunga kwa mkono wake, kama marehemu alivyokuwa akifanya, mwanzi ni wake. Basi!

Nzi wenyewe wa bandia. Ndoana unaizungushia uzi na manyoya mpaka samaki adhani ni mdudu. Mzee Ishaq alijifunzia kwenye mito ya Nyeri alipokuwa na duka huko, na mwanzi kaja nao mpaka Maskati. Nnautaka. Nnautaka kwa roho yangu yote! Nilipokwenda kuposa, ukoo mzima ulinikunjia uso. Yeye kanipa mwanzi niushike, kaniuliza kama najua kuutupa mshipi. Nikasema najua. Sikuwa najua. Akanipa bintiye Zakiya.

Yaqdhan alicheka mama yake aliposema. Kwa nini acheke? Mtu hacheki bure.

Jumapili, 8 Machi

Kazi imeanza. Nimeibana ndoana chini ya mguu wa cherehani ya Zakiya, inakaa imara kabisa. Uzi mwekundu wa kwake. Unyoya nimeuchomoa ndani ya mto wa kulalia. Jioni nzima, nzi mmoja!

Zakiya kauliza kama hiyo ni zabibu iliyoota nywele. Nimemwambia samaki hatazami sura. Kauliza sindano ya cherehani iko wapi. Nimeuficha mkono. Ilikuwa kidoleni mwangu.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetoka ofisini, moja kwa moja soko la Matrah kutafuta manyoya ya maana. Nnamwona nani? Yaqdhan! Anatoka duka la nyuzi na kifuko cheusi mkononi. Mtu wa benki kule Ruwi, duka la nyuzi ana haja gani nalo? Nikamfuata. Kaingia duka la manukato. Kakaa muda mrefu mno. Nikajificha nyuma ya madira ya kike yaliyotundikwa duka la mkabala.

Kaja moja kwa moja mpaka nilipo, kayafunua madira na kunisalimia. Kaniuliza shemegi yake anamnunulia nani. Mwenye duka naye anangojea jawabu. Ikabidi ninunue.

Lakini nimeona! Kanzu yake haina kishada cha shingoni. Kimekatwa! Kishada kizima cha hariri nyeupe, ndicho anachofungia nzi. Mjanja mkubwa yule.

Nyumbani Zakiya kalipima dira, limemzidi mara mbili. Sasa na yeye ananitazama kwa jicho la pembeni. Nyumba hii kila mtu anamshuku mwenzake, na aliyeanza ni Yaqdhan.

Jumatano, 11 Machi

Nimempigia Yaqdhan simu benki. Nimeibana pua, nimesema Kiarabu cha watu wa bara, nimejifanya mteja nimwulize Ijumaa atakuwepo mjini au anakwenda wadini mapema kujifunza. Kanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha kauliza Zakiya hajambo.

Nani kamwambia? Simu yangu inasikilizwa.

Alhamisi, 12 Machi

Loo! Siri nimeikamata!

Jioni tumekwenda kwa mama mkwe. Nimepita chumba cha ndani kutia udhu, nnakuta chetezo kinafuka moshi, na juu ya tenga lake la kufukizia nguo imetandazwa kanzu ya Yaqdhan ya Ijumaa. Juu ya kanzu, kikopo chake cha nzi, wazi, kinakula udi! Udi wa bei, ule wa kutolewa kwa maharusi.

Nikaelewa yote. Kumbe ndiyo dawa! Samaki wanaifuata harufu! Ndiyo maana alikaa vile duka la manukato. Na nzi wake, Mola wangu, wazuri! Mikia myeupe ya hariri, unadhani wataruka.

Nimefanya alichonifanya nifanye. Nzi wake nimewatia mfukoni. Kikoponi nimemwachia zabibu yangu, peke yake. Kisha nikatia udhu mara mbili.

Ijumaa, 13 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Tumefika wadini baada ya sala. Mikeka, birika za kahawa, ukoo mzima kivulini. Tukipokezana mwanzi wa marehemu, mimi kwanza. Nimetupa vizuri sana. Visamaki vikaja mbio. Vikanusa. Vikageuka vyote pamoja, kama waliosikia adhana. Nimetupa tena, nimebadilisha nzi, nimesogea juu, nimesogea chini. Waliokuja ni manyigu! Mmoja kaniuma sikio. Zakiya kauliza kwa nini nanukia udi wa mama yake. Nikasema upepo.

Zamu ya Yaqdhan. Kafungua kikopo. Kasimama. Kamtazama nzi, kisha kanitazama mimi. Mimi nikawa natazama mlima. Kafunga zabibu yangu kwenye mshipi, katupa bila ya kujali, na mshipi haujatulia majini, samaki huyo! Wa kiasi cha kidole, lakini samaki.

Vigelegele wadi nzima. Bi Hamdiya kamchukua yule nzi kiganjani, machozi yanamtoka. Kasema hivi hivi ndivyo walivyokuwa wa marehemu, wabaya wa sura, na samaki wakiwapenda. Kisha kasema udi aliomfukizia mwanawe kwa kuomba baraka ndio uliomletea kheri.

Nzi wangu! Machozi yale ni yangu! Niseme nini? Kuwa nimeingia chumba cha mkwe wangu nikapekua? Roho imeniuma kuliko sikio.

Jumamosi, 14 Machi

Baada ya alasiri, hodi. Yaqdhan. Mkononi mwanzi wa marehemu, umefungwa kwa kitambaa.

Hakucheka leo. Kasema nzi yule si wake. Uzi mwekundu ule anaujua, Zakiya kamshonea mtoto wa Yaqdhan nguo ya Idi kwa uzi ule ule. Kasema haulizi vipi kaingia kikoponi. Mama alisema mwanzi ni wa mwenye nzi, na mwenye nzi ni mimi. Kaulaza kwenye kochi. Kasema baba yake angefurahi.

Nimeutazama. Niliutamani mpaka mikono ikawa inaniwasha.

Lakini mimi si mtoto! Nani anashinda kitu mbele ya ukoo mzima kisha akakileta mwenyewe mlangoni? Nikiupokea tu nimekiri. Kufika Jumanne Matrah nzima itajua kuwa mimi Msellem nnapekua chumba cha mkwe wangu. Nikamjibu kwa upole kuwa nzi yule simjui. Kaniuliza mara ya pili, taratibu, kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Zakiya, mlangoni, kasema jina langu. Nikasema tena.

Kaubeba. Kasema basi shemegi, upendavyo, atautundika kwake. Zakiya kajifungia chumbani na cherehani yake. Nasikia analia, lakini hilo litapita.

Nimemshinda! Mtego nimeuona kabla haujafyatuka. Dirishani nimemwangalia akiulaza mwanzi kwenye gari polepole, kwa mikono miwili, anafuta macho. Hapo ndipo nilipozinduka. Mtu hawezi kuulilia mwanzi mtupu. Ndani mna kitu.

Kesho namfuata.