Vyoo vya Waridi Baharini

Jumatatu, 3 Machi

Kwa heshima na taadhima naweka kwenye kumbukumbu kwamba leo, maji makubwa ya bamvua yalipojaa, bahari imeingia dukani kwangu. Imefika hadi kwenye rafu ya koki, ikazunguka, ikatoka bila kununua kitu. Kama wateja wangu wengine.

Duka langu la vifaa vya mabomba ndilo la mwisho mtaani, upande wa maji. Nilipolifungua, mbele yake palikuwa na ufuo mpana, vijana wakicheza mpira. Sasa hata golikipa angehitaji kujua kuogelea.

Mke wangu anataka tuhamie kilimani kwa kaka yake, fundi seremala, mwenye stoo kubwa. Shemeji mwenyewe alikuwepo, mikono mfukoni. Akasema nisiwe na wasiwasi, kuna kona nzuri karibu na majeneza. Nikamshukuru kwa meno tu.

Hukumu ya mke wangu: bamvua ijayo, katikati ya mwezi, maji yakiingia tena, tunahama. Yasipoingia, hatalitaja tena suala hilo. Nimekubali. Siwezi kuuza koki katikati ya majeneza ya shemeji.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea mke wangu chakula cha mchana kwenye kikundi chao cha kupanda matumbawe. Kasema nimekuwa mume mwema ghafla, kuna nini? Wanawake wote wakacheka. Kumbe wananijua.

Mtaalamu wao, binti mpole mwenye miwani, akanieleza. Matumbawe ndiyo yaliyokuwa yakivunja mawimbi huko mbali. Bahari imepata joto, mengi yamekuwa meupe na kufa, na mawimbi sasa yanatujia na nguvu zake zote. Kwa hiyo wanafunga vipande vilivyo hai kwenye fremu za chuma na kuvirudisha chini. Nikauliza itachukua muda gani. Miaka, akasema, tena kama joto halitazidi.

Mimi nina wiki moja na kidogo kabla ya bamvua. Nikauliza matumbawe yanataka nini hasa. Kitu kigumu cha kushikilia, akasema, kisichohamahama.

Yaliyofuata sikuyasikia. Stoo yangu imejaa vitu vigumu! Vyoo vya kukalia, rangi ya waridi, nilivyoagiza nikiamini kwamba waridi ndiyo rangi ya siku zijazo. Vimekaa miaka. Hivyo havihamihami, mimi ni shahidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza mtaalamu wazo langu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, mzee wangu, kwanza kauri inateleza, pili kuna vibali, tatu mahali panachaguliwa kwa utafiti.

Neno "hapana" sikulisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Zoezi limefanikiwa. Nimekodi boti ya mizigo na vyoo vyote viko chini, mahali palipochaguliwa kwa umakini mkubwa. Nimerudi nimelowa kwa sababu za kitaalamu. Mke wangu kauliza kiatu cha pili kiko wapi. Nikamsifia kitambaa chake cha kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Vile vikalio vya plastiki vya juu. Sikukaza skrubu. Plastiki inaelea.

Vimefika ufuoni tangu asubuhi, kimoja kimoja, kama wageni wa harusi. Kila kimoja kina stika ya duka na namba yangu ya simu. Watoto wamevivaa shingoni. Simu imelia kutwa, na hakuna aliyetaka kununua.

Shemeji ameniletea kimoja mwenyewe, amekibeba kwa mikono miwili. Akauliza kama kina waranti.

Jumanne, 11 Machi

Mtaalamu hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema bahari si stoo, mzee wangu, kisha akanipa gunia la kuokotea vikalio na, baada ya hapo, kiti kwenye kikundi.

Nimefunga matumbawe kutwa. Kipande kidogo kama kidole, kina rangi ya asali, na eti ni kiumbe hai. Cha kwanza nilikivunja. Mke wangu akanishika mkono, akasema taratibu, baba, hilo si bomba. Cha pili kilikaa. Nilikitazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Ijumaa, 14 Machi

Bamvua. Nimeuziba mlango wa duka kwa gundi ya silikoni pande zote, mimi nikiwa ndani. Maji yamefika kizingitini, yamebisha hodi, hayajapata hata ufa. Mke wangu na shemeji wako ng'ambo, kwenye ngazi za jirani. Nimewapungia mkono dirishani.

Nimeshinda. Naandika haya nikiwa mkavu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa kilimani. Sasa ukweli wote.

Jumamosi ile ya vyoo, mimi na mwenye boti hatukuchagua mahali. Boti ilipanda juu ya matumbawe mafu, ikalala upande, vyoo vikaenda vyote kwa pamoja na mimi nikavifuata.

Na juzi, nilipokuwa napunga mkono, nyuma yangu kulikuwa na sauti ya maji kububujika. Choo cha maonyesho. Nilikiunganisha mwenyewe, miaka ile, na bomba la mtaro unaomwaga baharini, ili wateja waone kinavyovuta maji. Bahari ilipitia humo. Mlango haukuvuja hata tone, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kutokea, wala mimi. Shemeji alivuka maji yakiwa kiunoni, akaung'oa mlango kwa patasi.

Leo amenipa upande wa stoo wenye dirisha na majeneza ameyasogeza mbali. Hajanitania hata mara moja. Hilo limeniumiza sana.

Mtaalamu alizamia kuvitazama vyoo. Vitatolewa vyote, ila cha mwisho kitasubiri, kuna samaki mdogo ndani na anamfukuza kila anayesogea. Fremu za akina mama ziko salama. Mke wangu anasema kipande changu bado kina rangi. Nilijifanya sijali, kisha nikamwomba arudie.

Nimejifunza mengi. Kwa mfano, kwamba bahari haizuiliki kwa koki wala silikoni, na siku moja itafika hata huku. Siku hiyo kila familia itahitaji chombo cha majini.

Vile vyoo vilikuja na mabafu yake ya plastiki, rangi hiyo hiyo, yale marefu ambayo mtu mzima anajinyoosha ndani akioga. Mke wangu hajaambiwa. Tundu la bafu la kwanza nimeshaliziba, kwa silikoni iliyobaki ya ule mlango.