Nyumba Iliyotia Nanga Pate

Watu wote wa Pate, wakazi na wapitaji, walitangaziwa kwamba kuanzia Ijumaa ile nyumba ya Kampuni ya Mafuta ya Kaskazi, yenye vyumba sita, sebule, baraza la mbele na choo cha kuvuta mnyororo, si nyumba tena. Ni chombo cha baharini. Atakayeiita nyumba hadharani atahesabiwa kuwa amepotosha umma.

Tangazo lilisomwa baada ya sala ya Ijumaa na mwandishi wake mwenyewe, Bwana Twahir, Msimamizi wa Kodi za Majengo. Alilisoma polepole, kwa kuwa aliamini tangazo zuri lina haki ya kusikilizwa mpaka nukta ya mwisho. Alipomaliza, watu wote waligeuka kuitazama ile nyumba kule ufuoni, wakingoja iondoke. Haikuondoka. Moshi wa jikoni ulikuwa unapanda, na Barka, mpishi wa Kampuni, alikuwa anaanika mashuka.

"Yaenda wapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Haiendi popote. Imetia nanga."

"Tangu lini?"

"Tangu tangazo," alijibu Bwana Twahir, akalikunja.

Hayo yalikuwa mwaka wa 1956, wakati Kampuni ilipokuwa ikitoboa kisiwa kutafuta mafuta, na mpaka hapo ilikuwa imepata maji ya chumvi, maji yasiyo ya chumvi, na matope. Baraza la Wilaya liliikadiria nyumba yake kodi ya majengo, na kodi hiyo ilishapangiwa kazi kabla haijalipwa: paa la skuli ya Pate. Skuli ilikuwa na kuta nne, ubao na mwalimu mmoja, Bwana Amini, lakini upepo ulikuwa umechukua makuti yote, na watoto walikuwa wakisoma hesabu chini ya mbingu. Mudir, mkubwa wa serikali kisiwani, alikuwa ameshaonya kwamba Mkaguzi wa Elimu angekuja wakati wa masika. Akikuta skuli haina paa, ataifunga, na watoto watahamishiwa kisiwa cha Amu. Kila mtu alijua maana yake. Wavulana wangevuka. Wasichana wangebaki jikoni, maana hakuna mzazi wa Pate ambaye angempeleka binti wa miaka kumi kulala nyumba ya watu ng'ambo ya bahari.

Kampuni haikukataa kulipa. Neno hilo si la kiungwana. Ilileta tu wakili kutoka Mombasa, mtu mfupi mwenye viatu vya ngozi ya mamba, akaieleza Kamati ya Rufaa kwamba nyumba hiyo imesimama juu ya boriti, mahali ambapo maji makubwa ya bamvua hufika. Bahari hupita chini yake. Mlangoni ina nanga. (Ilikuwa pambo.) Juu ina bendera. Ina hata kengele, ingawa hugongwa wakati wa chakula. Kitu chenye nanga, bendera na kengele, ambacho bahari hupita chini yake, ni nini kama si chombo? Na chombo hakilipi kodi ya majengo.

Kamati ilikuwa na wajumbe watatu. Mmoja alikuwa amekwenda Hijja, mwingine alikuwa na homa, kwa hivyo uamuzi ulipita bila mpinzani. Mjumbe aliyebaki, Bwana Twahir, alikuwa amekaribishwa na Kampuni sharbati ya ndimu yenye barafu, kitu ambacho Pate nzima hakuna aliyekuwa nacho. Alikunywa gilasi tatu. Aliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba sharbati hiyo haikuwa na uhusiano wowote na uamuzi.

Kesho yake baada ya tangazo, asubuhi, shemeji yake alimjia ofisini. Bi Hadia alikuwa mdogo wa mke wa Bwana Twahir, mama wa watoto watatu wa skuli, na hakuwahi kubisha hodi ofisi yoyote ya serikali. Aliingia tu, akakaa.

"Shemeji, yana baada ya sala umetutangazia ajabu."

"Si ajabu. Ni uainishaji."

"Na paa letu?"

"Paa halijafutwa, Bi Hadia. Limeahirishwa."

"Na mvua, umeiahirisha?"

Bwana Twahir alieleza kwamba mvua iko chini ya idara nyingine.

Macho ya Bi Hadia yakaiona kofia mpya iliyokuwa mezani, nyeupe, yenye nanga ya shaba mbele. "Na hii ni ya nani?"

Hapo Bwana Twahir alichangamka. Pate sasa ina chombo kikubwa bandarini, na haiwezekani chombo kikubwa kukaa bandari isiyo na Msimamizi wa Bandari. Alikuwa ameshaandika kwa Mudir kabla ya tangazo kumpendekeza mtu anayefaa, naye akakubaliwa. Aliivua kofia yake ya vito iliyodariziwa, ile ya kodi, akavaa ya bandari, ili Bi Hadia aone.

"Mashallah," alisema Bi Hadia. "Umekuwa watu wawili. Na chombo nacho kina sheria zake?"

"Sheria!" Alifungua mtoto wa meza, akatoa kitabu chenye jalada la buluu, *Kanuni za Vyombo Vilivyotia Nanga*. Tangu akipate hakuna aliyekuwa amemwomba akisome. Alisoma kanuni za jina la chombo, za nahodha, za rangi. Alisoma kwamba chombo kilichotia nanga hakitamkatalia mtu yeyote aliyepatwa na dhoruba. Alisoma kwamba chombo kilichoachwa na nahodha wake, kikiwa na watu ndani, ni mali ya hao waliobaki.

"Ngoja, hizo mbili za mwisho zisome tena. Tamu."

Alizisoma tena, kwa madaha.

"Haya, nakwenda. Lakini shemeji, nakuuliza kama mjinga. Vyombo vyetu vyote hupakwa mafuta ya papa, visiliwe na wadudu. Hiki cha wazungu mbona kikavu? Au kanuni zako ni za maskini tu?"

Alitoka na buibui lake likipepea. Bwana Twahir alichukua kalamu papo hapo, akawaandikia mafundi wa vyombo. Hakuna jambo lililomuumiza kama kuambiwa kanuni zake hazifuatwi kwa usawa.

Wiki hiyo hiyo mafundi wa Matondoni walifika, wakiongozwa na Bwana Madi, na madebe ya sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo ukiyapaka mkononi leo, mkeo atakuhamisha chumba mwezi mzima. Bwana Madi aliizunguka nyumba, akaigonga kwa nyundo, akauliza omo, yaani mbele ya chombo, iko upande gani.

Lilikuwa swali la kiutawala, na Bwana Twahir alilishughulikia. Katika kila chombo, alisema, choo huwa tezi, nyuma. Kwa hivyo upande wa choo ni tezi, na omo ni chumba cha kulala cha meneja, Bwana Wilmot. Hapo chini ya dirisha lake ndipo lilipoandikwa jina la chombo kwa herufi za urefu wa mkono: TAWAKAL.

Kisha wakaanza kupaka.

Bwana Wilmot alitokea barazani na leso puani. "Nini hii? Nini hii harufu?"

"Mafuta, Bwana Nahodha."

Miaka miwili Kampuni ilikuwa ikitafuta mafuta Pate. Hiyo ndiyo siku ya kwanza yalipoonekana.

"Mimi hapana nahodha! Mimi meneja!"

"Chombo hakina meneja," Bwana Twahir alisema kwa upole, akampa hati yake ya unahodha. Gharama za mafuta na mafundi zilikwenda kwa mwenye chombo, kama kanuni isemavyo. Bibi Wilmot aliondoka na motaboti ya Kampuni kabla ya jua la adhuhuri, akisema angerudi harufu ikiisha. Bwana Madi alimhakikishia kwa fahari kwamba kazi yake haiishi haraka.

Masika yakaingia, si kwa rasharasha. Mvua ya kwanza iliwakuta watoto katikati ya hesabu za kugawanya, ikawafutia ubao na daftari. Bi Hadia alikuwa tayari njiani na kanga kichwani. Aliwapanga kwa safu, wadogo mbele, mwalimu Amini nyuma na ubao mgongoni, akawapeleka moja kwa moja mpaka ngazi za Kampuni.

"Hodi chomboni!" aliita. "Tumepatwa na dhoruba!"

Barka alifungua. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe katika safu ile.

Bwana Twahir alipoitwa, aliwakuta watoto wamekaa sebuleni juu ya zulia, na ubao umeegemezwa kabati la barafu. Rahima, binti wa Bi Hadia, alikuwa kwenye kiti cha nahodha.

"Toa hawa!" Bwana Wilmot alipiga kelele. "Hii nyumba yangu!"

Hata mwalimu Amini aliacha kuandika.

"Tafadhali rudia," alisema Bwana Twahir. Aliivua kofia ya bandari, akaitoa ya vito mfukoni, akaivaa, akachomoa kalamu. "Umesema nyumba? Kwa maana kama ni nyumba, nitaandika kodi tangu boriti ya kwanza ilipochimbiwa, pamoja na faini. Watoto watatoka mara moja, waende kungoja paa lao."

Mombasa walikuwa wamempigia Bwana Wilmot simu ya upepo wakimwonya kwamba neno lile likimtoka mara moja, Kampuni italipa kodi kwa kila nyumba iliyo nayo pwani nzima.

"Meli," alisema kwa taabu.

Bwana Twahir akabadili kofia. "Basi watakaa hadi dhoruba iishe, Bwana Nahodha."

"Itaisha lini?"

"Msimamizi wa Bandari atakapotangaza."

"Msimamizi wa Bandari nani?"

Bwana Twahir aliinama kidogo.

"Wewe!" Uso wa Bwana Wilmot ulikuwa kama pilipili mbivu. "Wewe karani tu! Mimi nilikupa sharbati!"

"Kumbe!" alisema Bi Hadia, taratibu. "Shemeji, ilikuwa baridi?"

Bwana Twahir alihisi masikio yanamwaka. Akajibu kwamba suala la sharbati lilishaandikwa katika kumbukumbu. Kisha akatangaza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba kwa uchunguzi wake wa kitaalamu dhoruba hii ni ya muda mrefu.

Bwana Wilmot alivumilia majedwali ya kuzidisha yanayoimbwa chini ya dari yake, mafuta ya papa yanayopanda na unyevu, na Bi Hadia anayemuuliza kila asubuhi, "Nahodha, umeamkaje?" Siku moja, mvua ilipopumzika kidogo, alishuka ngazi na sanduku lake, akapanda motaboti, akaenda alikokwenda mkewe. Hakuaga. Barka alimpungia mkono kwa kitambaa cha jikoni.

Bwana Twahir alikifungua kitabu cha buluu kwenye ukurasa ambao shemeji yake aliuita mtamu. Aliusoma mara kadhaa, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma, asiuone. Chombo kilikuwa kimeachwa na nahodha, kikiwa na watu ndani. Akaandika hati ya umiliki kwa jina la skuli.

Mkaguzi wa Elimu alikuja, akakanyaga zulia, akagusa vioo vya madirisha, akavuta mnyororo wa choo na kusikiliza maji. Aliandika kwamba skuli ya Pate ina paa, na kwamba inaelea kisheria. Iendelee.

Ndipo wakili wa viatu vya mamba aliporudi, Kampuni ikiwa imeona kodi ni nafuu kuliko kupoteza nyumba nzima.

Alifika siku ya bamvua, mvua ikimwagika. Motaboti ilimteremsha ukingoni mwa mikoko, ikaenda kujificha na upepo. Wakili akajikokota kwenye matope, mkoba kichwani, maji magotini. Alipofika chini ya ngazi alimkuta Bi Hadia amesimama juu na Bwana Twahir kando yake, na madirisha yote yamejaa vichwa vya watoto.

"Hii ni nyumba!" wakili alipaza sauti. "Mali halali ya Kampuni!"

Bwana Twahir akavaa kofia ya vito. "Nyumba, mheshimiwa? Basi nakukumbusha kuhusu kodi. Pia, ndani ya nyumba hii mna wanawake na wasichana, na mtu haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa. Bi Hadia, umemkaribisha?"

"Mimi? Simjui."

Maji yalikuwa yamefika mapajani. Kiatu kimoja cha mamba kiliibuka peke yake, kikaelea kuelekea baharini.

"Lakini maji yanajaa!"

"Naam," alisema Bwana Twahir. "Ulilithibitisha hilo mwenyewe mbele ya Kamati."

"Nitazama!"

"Ingekuwa chombo," Bi Hadia alisema, akitafuna tambuu, "isingekukataa. Chombo hakimkatai aliyepatwa na dhoruba. Nyumba sasa, nyumba ina mambo yake."

Bwana Twahir aliongeza, kwa usahihi, kwamba ombi la hifadhi hutolewa kwa sauti ya kusikika, mbele ya mashahidi, na kwamba mwombaji hukitaja kitu anachoomba hifadhi ndani yake. Akaishika kofia ya nanga mkononi, akangoja.

Maji yakafika kiunoni. Wakili aliangalia mikoko, hakuona motaboti. Aliangalia mkoba wake, wenye hoja zote za kuthibitisha kwamba nyumba ni nyumba.

"Naomba hifadhi," alisema, "chomboni."

"Hatukusikia!" wakaitika watoto, na sauti ya Rahima ikiwa juu ya zote.

"CHOMBONI!"

Bwana Twahir akavaa kofia yake ya bandari, akashuka vidato viwili, akampa mkono.

Walimkalisha nyuma, upande wa tezi, karibu na choo, na kanga ya Bi Hadia mabegani. Mwalimu Amini aliendelea na hesabu. Rahima alifungua kabati la barafu, akamletea mgeni sharbati ya ndimu, baridi ya kuuma meno, naye akainywa yote akitetemeka.

Jioni hiyo Bwana Twahir aliandika kumbukumbu kwamba mwakilishi wa Kampuni amekiri mbele ya skuli nzima kuwa kitu hicho ni chombo, na kwamba shauri limefungwa. Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake kwamba sharbati haikuwa na uhusiano wowote na uamuzi.