Punje za Mtama na Uzito wa Baba

Jumanne, 4 Machi
Baba amepungua tena. Kilo sita tangu tumzike Mama! Dada mkubwa katangaza (Dada hasemi, anatangaza) kwamba uzito ukishuka tena Jumatatu, atamchukua akakae kwake. Kwake ni nusu siku kwa basi. Sitaki. Baba akiondoka, nitabaki kukitazama kiti chake.

Daktari kashauri nafaka za zamani zisizokobolewa. Rahisi kupika, kasema, na zina nguvu. Nimenunua mtama mwekundu, gunia dogo. Dada kasema kwenye simu nianze na kikombe kimoja. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Mtama wa punje nzima haupikwi kama wali. Nimelijua hilo baada ya kuuchemsha dakika ishirini. Baba katafuna mara moja. Kaitoa punje, kaiweka ukingoni mwa sahani. Kisha kaliweka jino kando yake. Kaniuliza kwa upole kama niliuchambua mawe.

Jioni Dada kapiga simu. Nimemwambia Baba amekula vizuri mno. Habari za jino sikuzigusa.

Alhamisi, 6 Machi
Muuza nafaka kanicheka. Eti mtama unalowekwa usiku mmoja kwanza, ndipo unapikwa taratibu. Nimewaza: kama usiku mmoja unafaa, siku mbili zitafaa zaidi. Ndoo nimeifunika vizuri, nimeiweka karibu na jiko ipate joto. Baba kanywa chai tupu, karudi kitandani.

Jumamosi, 8 Machi
Ndoo inatoa povu. Jirani kaja kuuliza kama tumeanza kupika pombe. Nimekana kwa kiapo, nikauchemsha hivyo hivyo.

Saa sita Dada kaingia bila taarifa, na sufuria mkononi. Mtama laini, maharage, karoti, mafuta kidogo. Unanukia! Nimeumia. Alipotoka kununua maziwa nikapata wazo. Chakula chake nikakitia kwenye sufuria yangu, changu kwenye yake. Upesi upesi, nikamwaga kidogo sakafuni.

Dada karudi, kaonja kutoka sufuria yake. Kautazama mtama uliomwagika sakafuni, kisha kanitazama mimi. Nikaangalia dari.

Baba kaonja vyote viwili. Kakiweka kijiko chini. Kasema haoni tofauti, kisha kaenda kulala. Hata shati lake sasa linamtembea mwilini. Dada kalia jikoni. Mimi nimesingizia kitunguu, ingawa hakuna aliyekuwa anakata kitunguu.

Jumapili, 9 Machi
Tumegombana uani, mimi na Dada, nani anafaa kumlisha Baba. Kanikumbusha uongo wa kwenye simu. Nimemkumbusha kuwa yeye huja siku moja kwa mwezi. Maneno yakawa makali, nusura tuapizane. Zaidi ya saa nzima! Tuliporudi ndani, Baba alikuwa jikoni.

Kavaa aproni ya Mama. Kumbe jana jioni aliloweka mtama wake mwenyewe, kikombe kimoja. Kauosha maji matatu, kauchemsha moto mdogo hadi punje zikapasuka, katia chumvi na mchicha. Hakutukaribisha. Kala kwa kusimama, kutoka kwenye sufuria, katugeuzia mgongo. Kamaliza!

Kisha kasema Mama alikuwa akimwekea chakula na redio, halafu anakwenda zake. Tangu msiba hajapata mlo mmoja bila mtu kumhesabia matonge. Kasema anamkumbuka, na anashindwa kumkumbuka vizuri tukimkodolea macho. Nikageuza macho ukutani. Dada pia, na hilo ni ajabu.

Jumatatu, 10 Machi
Mzani! Robo kilo imeongezeka! Dada kakubali Baba abaki. Kanikumbatia, kaniita mdogo wake, kaondoka na basi la saa tatu.

Baba kaniomba jambo moja tu: nimwache peke yake na sufuria yake. Nimeahidi kwa moyo wote. Sasa nimemwelewa kabisa. Mzee hataki kutazamwa akila.

Kwa hiyo nimetoboa tundu kwenye mlango wa jikoni, usawa wa jicho. Mchana huu amekula vijiko kumi na vinne. Cha kumi na tano kakirudisha sufuriani, kageuka, kautazama mlango. Hajala tena.

Nimekosea, nakiri. Tundu lilikuwa kubwa mno. Kesho naliziba, natoboa dogo zaidi.