Mwanasesere Aliyeingia Guniani

Jumatatu, 3 Juni
Kinyozi wa mlango wa pili kaniuliza, mbele ya wateja, kama ni kweli mwanangu wa kiume analala na mwanasesere. Wa kwake, miaka mitano tu, anapiga mpira mpaka anavunja vioo. Nilicheka kwa mdomo, moyoni nachemka. Mimi, fundi wa suruali za wanaume, nizae mlezi wa wanasesere! Lawama zote kwa mama mkwe, aliyemshona mwanasesere huyo kwa vipande vya vitambaa vyangu mwenyewe. Kesho nanunua gari.

Jumanne, 4 Juni
Gari jekundu la kubeba mchanga, tairi sita. Mwanangu alinikumbatia miguu, akashukuru, kisha akamlaza mwanasesere nyuma na kumfunika kitambaa changu cha jasho. Akanieleza kuwa mtoto ana homa na hili ni gari la wagonjwa. Akaomba nipishe njia. Nikapisha.
Mke wangu aliuliza ni nani humu ndani anayeshinda na sindano kutwa. Nikamwambia hiyo ni kazi, si mchezo. Alicheka sana, sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Juni
Mpango wa pili, safi kabisa. Mtoto akioga, nilimtumbukiza mwanasesere kwenye gunia la vipande, chumba cha kushonea, chini kabisa. Atalia siku mbili, atasahau.

Alhamisi, 6 Juni
Hakulia. Hilo ndilo lililonimaliza. Ametandika kijishuka, ameweka kikombe cha maji kando, ameketi mlangoni anasubiri. Chakula hakugusa. Aliniuliza taratibu kama mtoto anaweza kuondoka kwa sababu hakutunzwa vizuri. Nikasema nina kazi nyingi, nikaenda kujichoma kidole kwa pasi.
Alasiri nikasalimu amri. Nikaliendea gunia. Halipo! Mjaza mito ya kulalia huja kuchukua vipande vya kujazia kila Alhamisi. Miaka minane sasa, na mimi ndiye niliyemwambia asibishe hodi, achukue tu.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimkuta mjaza mito ameshashona mito kumi na minne. Nilipoomba kuifumua, alidhani nimerukwa na akili. Nikamweleza ukweli. Akanipa wembe.
Mto wa kumi na moja, mguu. Niliushika mguu ule mdogo, machozi yakanitoka. Naandika tu, hakuna anayesoma humu. Mkono mmoja ulikuwa umechomoka. Niliishona mito yote upya, kisha nikarudi nimembeba mwanasesere kifuani, nikapita mbele ya kinyozi na wateja wake wote. Mfukoni angebanwa.
Mkono nimeurudisha kwa uzi maradufu, mwanangu akimshika mgonjwa asiogope. Nilimwuliza kama yeye ndiye mama wa mgonjwa. Alinishangaa. Akasema yeye ni baba. Anambembeleza vile ninavyombembeleza yeye akiugua.
Nikakiri kuwa ni mimi niliyemficha. Alifikiri kidogo, akanisamehe, akataka niahidi sitarudia. Nikaahidi, nikamkumbatia mpaka akalalamika kuwa tunambana mtoto. Nampenda sana huyu. Kabla hajalala nikamshonea mgonjwa suruali, yenye mifuko.

Jumapili, 9 Juni
Kinyozi kaja kwa mlango wa nyuma. Akaomba, kwa kunong'ona, nimshonee mwanawe mwanasesere kama yule, ila mtu asijue. Nikamweleza kwa upole kuwa mtoto aachwe acheze anachopenda. Nilijisikia mwalimu kabisa. Nimekuwa mtu mwingine.
Jioni dada yangu katuma ujumbe. Anamleta bintiye, miaka sita, akae nasi wiki mbili. Anatuonya kuwa mtoto haachi bisibisi yake, ameshafungua redio na saa ya ukutani. Msichana na bisibisi!
Nitamnunulia vikombe vidogo vya kuchezea, vyenye maua. Gunia jipya nimelichungulia, lina nafasi. Na safari hii nitahakikisha si Alhamisi.