Jina la Baba kwenye Kibao cha Mfongo

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwenda makumbusho. Yale mapya ya asili na sayansi, pale mjini kwenye ghala la zamani la kahawa. Mlangoni wameandika BURE kwa herufi kubwa kuliko jina la jumba lenyewe. Nina miaka sitini na miwili na hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu bure. Nikaingia kwa tahadhari.

Ndani: chui aliyekaushwa, jicho moja la kioo linatazama pembeni. Mawe ya volkano, kumi na manane. Lenzi za watoto kutazamia wadudu wa kahawa. Halafu, katikati ya ukumbi, mlima wa saruji unaonifika kifuani, na mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia migomba, unateremka ubavuni mwake! Maji ya kweli. Watoto wanafungua na kufunga vilango vidogo, maji yanakwenda kwenye migomba ya plastiki, kila mgomba kwa zamu, vilevile kama kwetu Uru. Nusura nilie. Nikasoma kibao.

Kinasema mfongo huu ni mfano wa ule wa kwetu, uliochimbwa mwaka 1958 chini ya uongozi wa Mzee Yakobo.

Yakobo! Baba yangu mdogo! Mwanawe Filemon, mwalimu mstaafu, mtu anayevaa tai kwenda kununua kiberiti, ndiye aliyewapa habari. Hata picha ya Yakobo imo, ndani ya fremu. Baba yangu, Mzee Tito, hayupo hata kwa herufi moja. Na mimi nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni wanne kwamba mfongo ule ulimmaliza mgongo.

Jumapili ni Siku ya Familia. Nimeshamwahidi Mama kumleta baada ya misa. Ana miaka themanini na tisa. Nilipomwambia kuna mfongo mjini alifurahi mpaka akapiga makofi. Siku sita. Ndani ya siku sita, jina la mume wake litakuwa pale.

Jumanne, 10 Septemba

Barua. Hoja kumi na nne, kurasa tatu. Nimempelekea Bi Alnaz, msimamizi wa jumba. Binti wa hapahapa mjini, spana yangu ya kwanza niliinunua dukani kwa babu yake. Kasomea wadudu. Alinipa shikamoo vizuri, akanipa kiti, akasoma zote kumi na nne. Akasema hoja ya tisa ni ileile ya pili. (Kweli. Sikudhani mtu angefika huko.)

Anataka ushahidi. Chombo, picha, au mzee aliyekuwapo. Nikamwambia mzee aliyekuwapo ni mimi. Akauliza nimezaliwa lini. Nikasema 1962. Akaiandika pembeni ya barua kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Nyumbani Mektrida, mke wangu, akauliza kwa nini nisimwulize Mama, si alikuwapo. Nikamweleza kwamba basi haitakuwa zawadi tena. Akasema bomba la jikoni bado linavuja tangu Pasaka.

Hawaelewi. Kwetu mtoto wa kwanza anapewa kihamba, shamba la ukoo. Wa mwisho anabaki na nyumba ya baba. Mimi ni wa katikati. Wa katikati anapewa mkono wa kwaheri. Niliteremka Rau na spana moja, leo nina duka la pampu na ukuta wa tofali pande nne. Lakini sina hata mgomba mmoja alioupanda baba. Nina jina lake tu, na jina lenyewe wameliacha nje.

Jumatano, 11 Septemba

Chombo wanataka? Chombo watapata. Nimekwenda Bomang'ombe sokoni, kwa muuza vyuma chakavu. Nimepata jembe bapa, zito, sura ya huzuni. Nikaling'oa mpini, nikaweka mpini wa mti wa mwitu. Nikalilaza kwenye siki, chumvi na majivu. Kwa muda wa saa nane tu likapata kutu ya miaka sitini na sita. Karibu miaka minane kwa saa! Hakuna kiwanda kinachoweza.

Mektrida ameuliza siki yake iko wapi.

Jumatano, baadaye

Nimelitazama tena. Hata mimi nimeanza kumkumbuka baba akiwa nalo begani.

Alhamisi, 12 Septemba

Maafa. Nilifika na jembe limefungwa kwenye shuka. Bi Alnaz akavaa glovu nyeupe! Nikaona sasa heshima imefika. Akalipeleka kwenye meza ya lenzi. Pale palikuwa na watoto wa shule, arobaini kasoro wawili, akamwita msichana mmoja mdogo aje asaidie kuangalia, eti sayansi ni ya wote. Mtoto akakaza jicho. Akasema kuna namba. Nikasema ni mikwaruzo. Akasema si mikwaruzo, akazisoma moja moja kwa sauti ya kusomea tebo: mbili, sifuri, moja, tisa.

Mimi! Mtu anayejua kwa kichwa kipenyo cha kila bomba lililozikwa Rau! Namba nne zikanipita.

Bi Alnaz alinirudishia jembe limefungwa vizuri kuliko nilivyolileta. Hakunisema. Njiani nilitamani angenisema.

Ijumaa, 13 Septemba

Bi Alnaz kapiga simu. Mfongo wao umelegea, maji hayafiki chini. Amesikia mimi ni fundi. Tusahau ya jembe, anasema. Nimesahau papo hapo.

Nikafungua. Pampu ya tangi la samaki! Lita sita kwa dakika! Ndio maana hata baba hakuonekana, mfongo wenyewe hauonekani. Nikasema nitafunga ya kwangu, bila malipo, naomba tu jina. Akasema majina hayabadilishwi kwa pampu. Nikasema sawa. Nilipokubali haraka hivyo angepaswa kushtuka.

Filemon alikuwapo, tai ya bluu, anawaeleza watoto. Akanitambulisha: huyu ni ndugu yangu Valerian, sisi tukivuja yeye anaziba. Wakacheka. Kisha akaniuliza mbele yao kama jembe limepata nafuu.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya kazi. Nimefunga pampu ya nusu hospawa, lita arobaini kwa dakika. Hesabu: mfereji wa saruji, upana sentimita tano, kina sentimita nne, mteremko mkali. Unabeba lita arobaini na mbili. Zinabaki mbili za usalama. Nimepiga hesabu mara tatu. Sikufungulia maji, sikutaka kuharibu uzuri wa kesho.

Walipokwenda kula nikatoa kibao changu. Nimekitengeneza stesheneri, herufi zilezile, rangi ileile. Nikakibandika juu ya chao. Kinasema: ULICHIMBWA MWAKA 1958 NA MZEE TITO. Picha ya Yakobo nikaisogeza chini kidogo, ukingoni mwa mfongo. Sikuitoa. Mimi si mtu mbaya.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika soksi zikiwa kwenye kamba.

Mama alikuja na kitenge cha misa na kilemba cheupe, Mektrida kamshika mkono. Watu wamejaa, familia nzimanzima. Nikabonyeza swichi. Maji yakashuka kwa kishindo, watoto wakapiga kelele za furaha. Dakika nzima mfongo ulikuwa mfongo! Nikamsomea Mama kibao. Akaniambia nirudie. Nikarudia, kwa sauti, mpaka wa kwenye chui wasikie. Mama akatafuta kiti.

Sasa, hesabu yangu ilikuwa sahihi. Naliandika hili kwa ajili ya haki. Lita arobaini na mbili, vilango vyote vikiwa wazi. Vilango ni saba. Watoto walikuwa saba. Kila mtoto akafunga cha kwake.

Maji yalipanda juu ya mlima. Yakashuka pande zote, hata zile ambazo Mungu hakuzipa mto. Migomba ya plastiki ikaondoka. Chui akalowa magotini. Kibao changu kikabanduka kikaelea, na chini yake kikatokea chao, kikavu. Picha ya Yakobo ikaanguka kutoka ukingoni, nilikoiweka mimi. Filemon akaingia majini na viatu akaiokota. Hakunitazama. Bi Alnaz akang'oa waya. Maji yakabaki yanadondoka tu.

Mama alikuwa amevua viatu, miguu ndani ya maji. Akauliza:

"Valeri, nani ameandika vile?"

Nikasema utafiti unaonyesha.

"Baba yako hakuchimba hata hatua moja. Watu wakiitwa msaragambo, wanaume wote na majembe yao, yeye anaumwa mgongo. Asiyekwenda faini yake ni mtungi wa pombe, mbege. Nimepika mitungi arobaini na mmoja, mimi, na mimba ya kaka yako. Na zile hatua zake alizichimba Yakobo akimaliza za kwake. Jua likizama bado yuko kule shimoni. Hakutuambia kitu."

Kisha akanyoosha mkono, Filemon akampa ile picha. Akaifuta na kitenge chake cha misa, taratibu, kama anafuta uso wa mtu.

Nikamwambia, lakini Mama, ulifurahi sana niliposema kuna mfongo mjini.

"Filemon aliniambia tangu Julai. Nilifurahi kuja kumwona Yakobo."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Mama ameamuru nimpelekee Filemon sale. Kesho, mimi mwenyewe. Mtu akikuletea jani la sale kuomba radhi huwezi kumkatalia, hata kama amekuchomea nyumba. Ndiyo desturi na haijawahi kuvunjwa kwetu.

Jumatatu, 16 Septemba

Tatizo la kiutendaji: sina masale. Masale yanapandwa mpakani mwa kihamba, na mimi mpaka wangu ni tofali. Sokoni hayauzwi. Kuomba kwa jirani ni kumweleza kwa nini. Nikakumbuka bustani ya nyuma ya makumbusho, tuta la mimea ya mlima. Leo wamefunga, wanakausha ukumbi. Kibao kinasema tafadhali usichume, lakini kimeandikwa kwa wageni wa kawaida. Nikanyoosha mkono juu ya ua. Jani moja, refu, zuri.

Nikapanda Uru. Filemon alikuwa uani, hana tai! Sijawahi kuiona shingo yake. Picha ya baba yake ameitoa kwenye fremu, ameianika kwenye meza ya kuanikia kahawa, kaizungushia kokoto nne isipeperuke. Uso umebaki, mkono wenye jembe umefutika.

Nikampa shikamoo, kanizidi mwaka mmoja na kwa kawaida simpi. Nikashika jani kwa mikono miwili. Maneno niliyoyaandaa yakapotea yote. Nikasema tu, nimekukosea wewe, nimemkosea na baba mdogo.

Akalipokea. Akaligeuza. Nyuma kulikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Namba 7.

"Haya masale nimeyapanda mimi pale," akasema. "Julai. Nimeyatoa hapa mpakani kwangu, na namba nimezifunga mimi."

Nikatazama kokoto.

Akalilaza jani mezani, kando ya picha. Nilisikia mfongo ukipita nyuma ya migomba, ule wa kweli, bila pampu.

"Nimepokea," akasema. "Lakini nisingekuwa Mchagga, mbe, leo ungenitambua."

Mkewe akaleta mtori. Nilikula mabakuli mawili. Nilikuwa na njaa ya aibu.

Jumanne, 17 Septemba

Pampu yangu nimerudishiwa, katika boksi. Bi Alnaz amenisamehe bila jani, amesema tu nikija tena nije kama mgeni. Ila amefanya jambo. Jana alimpigia Mama simu, akachukua habari zake zote, maana ndiye mzee aliyekuwapo. Leo kibao kina mstari mpya chini ya jina la Yakobo: mbege ya wachimbaji ilipikwa na Bibi Eliona. Mama mwenyewe. Jina kamili!

Mektrida amesema basi nimepata nilichotaka, familia iko ukutani, nishukuru Mungu, niende jikoni nikazibe bomba.

Ningeshukuru. Lakini nimekaa na kalamu. Mitungi arobaini na mmoja. Mtungi mmoja lita ishirini. Ni lita mia nane na ishirini. Mchimbaji anakunywa lita tatu kwa siku, si zaidi, la sivyo mfongo ungepinda. Ni siku mia mbili sabini na tatu za kazi! Baba angekwenda mwenyewe angetoa siku arobaini na moja. Kwa kutokwenda alitoa karibu mara saba. Hakuna mtu aliyechimba mfongo ule kuliko baba yangu akiwa kitandani. Hata Yakobo hafikii.

Ni hesabu tu. Hesabu haina ndugu.

Nimeanza barua mpya. Hoja kumi na tisa, hakuna inayojirudia. Filemon atakasirika. Mama atakasirika zaidi. Bi Alnaz naye, safari hii. Hao ni watatu.

Nilipita nyuma ya makumbusho nikirudi. Tutani yamebaki masale ishirini na matatu. Nimeyahesabu mara mbili.